Utazoea

Kuna neno moja ambalo mwanafunzi wa uuguzi hulisikia kabla hajajua hata kutundika dripu. Hulisikia siku ya kwanza wodini, na mara nyingi hulisikia kutoka kwa mtu mwenye nia njema kabisa. Neno lenyewe ni "utazoea". Umeona mtu akikata roho kwa mara ya kwanza na miguu imekuisha nguvu? Utazoea. Bibi wa kitanda cha dirishani analia tangu alfajiri na hakuna aliyekwenda kumuuliza ana nini? Utazoea. Glovu zimekwisha saa nne asubuhi na bado kuna vidonda kumi na viwili vya kusafisha? Mdogo wangu, utazoea.

Ninaandika dhidi ya neno hilo. Ninaandika pia dhidi yetu sisi wasomi, maana tumelichukua neno la korido, tukalivisha joho, tukaliita ustahimilivu, na sasa tunalipima kwa dodoso.

Nieleze kwanza nilipo. Nilisoma shahada ya uuguzi miaka minne, nikafanya mwaka mmoja wa intani, na sasa nasoma uzamili. Niko kwenye ile hatua ambayo mwanafunzi anatafuta mada ya tasnifu na kila anayemsalimia ana ushauri. Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko mwingine wowote ni huu: chukua sifa binafsi za wanafunzi wa uuguzi, yaani huruma, uvumilivu, kujiamini na ustahimilivu, uzipime. Kisha pima ni kwa kiasi gani wanajiona kuwa wauguzi, siyo watu waliojikuta tu wanasoma uuguzi. Halafu tazama uhusiano kati ya vitu hivyo viwili. Ni utafiti safi, naambiwa. Hauli fedha. Vipimo vipo tayari. Kile cha ustahimilivu cha Connor na Davidson, chenye maswali 25, kilichapishwa Marekani mwaka 2003 na kimezunguka dunia nzima. Tafiti za namna hii zimejaa, hasa kutoka China. Kazi yangu ingekuwa kutafsiri, kugawa karatasi darasani, kuzikusanya kabla watu hawajakimbilia daladala, na kuingiza namba kwenye kompyuta.

Matokeo yanajulikana kabla hujachapa karatasi. Mwenye ustahimilivu mkubwa atajiona muuguzi zaidi. Mapendekezo nayo yanajulikana: vyuo viwajengee wanafunzi ustahimilivu. Semina ya siku mbili, chai na maandazi, picha ya pamoja.

Sina ugomvi na hesabu zake. Nasema tu kwamba dodoso hilo linamuuliza mwanafunzi kama ana uwezo wa kusimama tena baada ya magumu, na halimuulizi ni magumu gani, nani kayaleta, na kama kulikuwa na sababu yoyote ya yeye kuyapitia. Wodi nzima inabaki nje ya karatasi. Anayebaki ndani ni binti wa miaka ishirini na mmoja na kalamu yake, akijikagua moyo.

Fikiria wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu. Wote wamekutana na sentensi inayosema wanajivunia kazi ya uuguzi, na wote wamezungushia namba tano. Wa kwanza ameweka tano kwa sababu siku hizi macho yake yamefunguka: mgonjwa akianza kuvuta pumzi kwa haraka kidogo, kabla hata ndugu hawajashtuka, yeye ameshaona na ameshamwita daktari. Wa pili ameweka tano kwa sababu hatimaye kazi imekuwa nyepesi. Haoni tena. Anapita na troli kama mtu anayepita sokoni mahali asiponunua kitu. Kompyuta inawajumlisha hawa wawili na kutuambia kuwa utambulisho wao wa kitaaluma ni imara. Mmoja amekomaa, mwingine amezoea, na chombo chetu hakina njia ya kuwatofautisha.

Sasa nitoe mfano wa mtu ninayemjua. Ameniruhusu niandike habari zake. Jina lake abaki nalo mwenyewe.

Tulikuwa mwaka wa pili, fildi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Rafiki yangu alipangiwa wodi ya wanaume, mimi wodi ya watoto ng'ambo ya korido. Zamu yao ilikuwa na wauguzi wawili na wagonjwa zaidi ya arobaini, baadhi wakiwa kwenye magodoro sakafuni. Kulikuwa na mashine moja ya presha. Kitambaa chake kilikuwa hakishiki tena, kilifungwa kwa plasta, na siku hiyo betri zake zilikuwa zimekufa tangu juzi yake. Rafiki yangu alipofungua mafaili ili aingize vipimo vya mchana, akakuta vya asubuhi vimeshajazwa kwa mgonjwa wa kwanza hadi wa mwisho: presha 120 kwa 80, mapigo 80, joto 36.5. Mzee mwenye kiharusi 120 kwa 80. Kijana aliyegongwa na bodaboda 120 kwa 80. Wodi nzima ina afya ya mwanajeshi.

Akauliza, kwa sauti ya kawaida, "Sista, hizi presha za asubuhi zimepimwa kwa mashine ipi?"

"Wewe mwanafunzi, umekuja kujifunza au umekuja kutukagua?"

"Samahani sista, nimeuliza tu kwa sababu ya betri."

Hakujibiwa. Mwisho wa mzunguko ule fomu yake ya tathmini ilirudi. Fomu zetu zilikuwa na vipengele vya usafi, kuwahi, ushirikiano, mtazamo, na heshima kwa walio juu yako. Kwenye heshima alipata mbili kati ya tano. Pembeni paliandikwa: mjuaji, apunguze maswali. Mkufunzi aliyekuja kutukagua alimwita kando na kumwambia kwa upole, kama mzazi, "Mwanangu, uuguzi ni uvumilivu."

Kabla hujamhukumu yule sista, tupige hesabu pamoja. Kumpima mgonjwa mmoja presha, mapigo, joto na upumuaji kwa uangalifu, ukaandika, ni kama dakika tano. Wagonjwa arobaini ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika ishirini. Hiyo ni kabla ya kidonge kimoja kutolewa, kabla ya sindano, kabla ya kusafisha kidonda, kabla ya kupokea mgonjwa mpya, kabla ya mwenye kuhitaji chombo cha haja. Na mashine haina betri. Yule sista, ambaye wiki hiyohiyo alitoa fedha mfukoni mwake kumnunulia mgonjwa nauli ya kurudi kijijini, hakukosa huruma. Alikosa saa tatu na dakika ishirini. Miaka mingi nyuma, bila shaka kuna mtu alimwambia atazoea, naye akazoea kwa njia pekee iliyokuwepo: kuandika 120 kwa 80.

Rafiki yangu alimaliza shahada, akafanya intani, akapata leseni, na hakuomba kazi ya uuguzi hata moja. Leo anafanya kazi katika kampuni ya bima. Anakagua madai yanayoletwa na hospitali. Yaani analipwa mshahara kwa kufanya jambo lilelile lililompunguzia alama: kuuliza namba hizi zimetoka wapi.

Ukimweka kwenye dodoso langu la bure, matokeo yake ni mepesi kusoma. Ustahimilivu, chini. Utambulisho wa kitaaluma, dhaifu. Sifa binafsi hazikuendana na taaluma. Tungemhesabu kama ushahidi kwamba uuguzi unahitaji watu wa aina fulani, naye si wa aina hiyo. Mimi nasema kama ni lazima tuchague sifa moja ambayo mgonjwa anaihitaji kwa muuguzi saa tisa usiku, ni hiyohiyo aliyoadhibiwa nayo. Mgonjwa anamhitaji mtu ambaye namba ikimtia shaka hawezi kulala nayo.

Walimu wetu wanapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Sawa. Ningependa tuambiwe anakunjwa aelekee wapi.

Hapa huwa analetwa Florence Nightingale. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa mwaka 1820, wauguzi duniani huadhimisha siku yao, na hapa kwetu mishumaa huwashwa na kiapo kinachobeba jina lake husomwa. Mimi mwenyewe nimeshika mshumaa huo, nta ikinidondokea vidoleni. Ni sherehe nzuri, siikatai. Ila kiapo hakikuandikwa na Nightingale. Kiliandikwa mwaka 1893 mjini Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, wakati Nightingale akiwa bibi wa miaka 73 huko Uingereza. Maneno yake ya awali yalimtaka muuguzi aahidi uaminifu katika kumsaidia daktari kwenye kazi yake. Mtu aliyepewa heshima ya kiapo hicho alitumia nusu ya maisha yake akibishana na madaktari wa jeshi, majenerali na mawaziri.

Tazama kilichotokea Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, kwenye hospitali ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Krimea. Nightingale alifika Novemba 1854 na kundi lake la wauguzi. Walisafisha, walilisha, walikesha. Taa ile maarufu ni ya kweli. Lakini katika majira hayo ya baridi askari waliendelea kufa kwa wingi wa kutisha, na wengi wao waliuawa na magonjwa ya maambukizi kuliko majeraha ya vita. Vifo vilishuka kwa kasi baada ya tume ya usafi iliyotumwa na serikali kuwasili Machi 1855, ikazibua mifereji ya maji machafu chini ya jengo, ikaondoa mizoga na kufungua njia za hewa. Huruma ya wauguzi ilikuwa ileile Februari na ileile Mei. Kilichobadilika ni jengo.

Na Nightingale alilielewa hilo. Aliporudi nyumbani hakuandika mahubiri juu ya moyo wa muuguzi. Alikaa na mtaalamu wa takwimu William Farr, wakahesabu vifo, na mwaka 1858 akachapisha ile michoro yake ya duara inayoonyesha kwa rangi nani kafa kwa nini, mwezi kwa mwezi, ili wakubwa wasiopenda kusoma majedwali waone kwa macho. Sisi tumerithi taa, tumeacha daftari la hesabu.

Simfanyi malaika, hata hivyo. Shule ya wauguzi iliyoanzishwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, ilikuwa na fomu ambayo matroni alijaza kila mwezi kwa kila mwanafunzi: kuwahi, utulivu, uaminifu, unadhifu. Niliposoma habari za fomu hiyo maktaba nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama. Miaka zaidi ya 160, bahari kadhaa katikati, na bado ni fomu ileile iliyomwandikia rafiki yangu apunguze maswali. Kwenye fomu yetu hakukuwa na safu ya jicho. Hakukuwa na safu ya kuona kwamba betri zimekufa.

Aliyeliona tatizo hili vizuri kuliko wote niliowasoma hakuwa muuguzi. Isabel Menzies alikuwa mtaalamu wa nafsi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliitwa katika hospitali kubwa ya kufundishia jijini London kwa sababu mpango wa kuwagawa wanafunzi wa uuguzi wodini ulikuwa unavunjika. Alikuta karibu theluthi moja ya wanafunzi hawamalizi mafunzo. Jibu jepesi lilikuwepo: hawakuwa na sifa. Yeye akatazama jinsi kazi ilivyopangwa. Akaona hospitali imejijengea taratibu za kuwakinga watu wake na hofu ya kukaa karibu na mateso: kazi inakatwa vipandevipande ili muuguzi asikae na mgonjwa mmoja kwa muda mrefu, mgonjwa anaitwa kwa kiungo chake na namba ya kitanda, uamuzi unasukumwa juu kwa mkubwa ili asilaumiwe aliye chini. Akasema pia jambo ambalo lingepaswa kubandikwa mlangoni kwa kila mkuu wa chuo: walioondoka walielekea kuwa wale waliokomaa zaidi, wenye uwezo zaidi wa kukua. Mfumo ulikuwa unawafukuza haohao ambao wangeweza kuurekebisha.

Fikiria maana yake kwa dodoso letu. Tunaligawa kwa waliobaki. Tunawauliza waliobaki wana sifa gani. Kisha tunasema hizo ndizo sifa za muuguzi.

Najua nitakachoambiwa, na ni haki niambiwe. Manesi wakali wapo. Kila familia ina simulizi: mama aliyetukanwa akijifungua, mzee aliyeulizwa kwa kejeli kama hospitali ni ya baba yake. Simulizi hizo ni za kweli na wakati mwingine ni mbaya kuliko tunavyothubutu kusema mezani. Basi, mtu atasema, huoni kwamba tunahitaji kuchuja watu wenye huruma tangu mlangoni?

Twende Tanga. Huko, katika wilaya za Korogwe na Muheza, watafiti waliwauliza wanawake jinsi walivyotendewa wakati wa kujifungua. Kisha upande mmoja wakafanya mambo mawili: jamii na watumishi wakakubaliana kwa maandishi juu ya haki na wajibu wa kila upande, na watumishi wenyewe wakakaa kutafuta nini kirekebishwe wodini, mambo ya kawaida kabisa kama mapazia ya faragha. Upande wa pili haukuguswa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: uwezekano wa mwanamke kudhalilishwa ulipungua kwa asilimia 66 ikilinganishwa na kule kusikoguswa. Hakuna aliyewafukuza wakunga wakali na kuleta wapole kutoka mahali pengine. Hakuna aliyewapa dodoso la huruma na kuwachuja.

Ukitaka namba za kwingine, Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, na kuchapisha mwaka 2002. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30, na asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoka kabisa na kazi. Nao ni uhusiano tu, kama ule wa madodoso, sitaficha hilo. Tofauti ni kwamba uhusiano huu unakuonyesha kitu unachoweza kukishika, yaani idadi ya watu kwenye zamu. Ule mwingine unakuonyesha moyo wa binti wa watu, kisha unamwachia yeye mwenyewe aurekebishe.

Hapa ndipo ninapolikasirikia neno lingine, ndugu wa damu wa utazoea: wito. Likitamkwa kanisani au msikitini lina heshima yake. Likitamkwa ofisini, aghalabu linakuja baada ya mtu kuuliza posho ya zamu ya usiku. Nina wenzangu waliohitimu nami, wenye leseni, ambao wanajitolea hospitalini bila mshahara huku wakifungua tovuti ya ajira kila asubuhi, katika wodi ambazo zina wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini. Mmoja anauza sare za wauguzi mtandaoni. Anazishona vizuri. Ukimuuliza kama anajiona muuguzi, sijui dodoso linataka ajibu namba ngapi.

Kiswahili chenyewe kilikuwa na busara zaidi kwenye hili. Muuguzi anatokana na kuuguza, na kuuguza hakujawahi kuwa jambo la watu wenye sifa maalumu. Anayeuguza ni yule ambaye ugonjwa umemkuta karibu: binti, shangazi, jirani. "Nipo hospitali, nauguza," mtu anakwambia kwenye simu, na hakuna anayemuuliza kama ana wito. Tunamuuliza amekula? Amelala wapi jana? Nani atamshika mkono kesho? Tunajua kwamba anayeuguza asipolala atakuwa mkali, na tukimwona amekuwa mkali tunatafuta mtu wa kumpokea zamu. Mtu huyohuyo akivaa sare nyeupe maarifa hayo yote tunayasahau. Akiwa mkali tunasema ndivyo alivyo.

Na sare yenyewe haisemi kitu kimoja. Mimi ni mwanaume. Nikiingia wodini nikiwa mwanafunzi, wagonjwa waliniita daktari. Nikasahihisha, wakaniita daktari tena. Mwenzangu wa kike, aliyenizidi alama karibu kila somo, akiwa amesimama kando yangu na sare ileile, aliitwa "we nesi, niletee maji". Wengi wetu tulikuwa tumejaza udaktari kama chaguo la kwanza. Nusu ya kozi ya kwanza ni maombolezo ya siri. Sasa njoo upime utambulisho wetu wa kitaaluma mwaka wa tatu, ukute wa kiume anayumba na wa kike yuko imara au kinyume chake, kisha uandike kuwa jinsia ni sifa binafsi yenye uhusiano na utambulisho. Utambulisho gani? Kuna aliyepewa jina la mtu mwingine na kuna aliyenyimwa la kwake, na walifanya hivyo watu waliokuwa wamelala vitandani wakiona vyema tu nani anatumwa na nani anasikilizwa.

Sikatai kwamba watu wanatofautiana. Kulikuwa na watu darasani kwetu ambao nisingewaachia mbuzi, sembuse mgonjwa wa wodi ya uangalizi maalumu. Kulikuwa na wengine ambao wangekuwa wauguzi hata jangwani. Lakini katikati ya makundi hayo mawili kulikuwa na darasa zima, na darasa hilo liligeuka kufuata wodi ilivyogeuka. Watu walewale waliokuwa wakimpapasa mgonjwa mkono katika hospitali moja ndogo ya misheni tuliyokwenda mwaka wa tatu, ambako zamu ilikuwa na watu wa kutosha na matroni alipita kila asubuhi akiuliza wanafunzi wameona nini, niliwaona mwaka uliofuata wakipita na troli bila kuinua macho.

Ninaambiwa pia kwamba hatuwezi kuajiri wauguzi wa kutosha kesho, kwa hiyo tuwaimarishe angalau hawa wanafunzi. Kuajiri kunahitaji bajeti, nakubali. Fomu ya tathmini haihitaji bajeti. Kuondoa mstari wa heshima kwa walio juu yako na kuweka mstari unaouliza mwanafunzi huyu ameona nini ambacho sisi hatukukiona, kunahitaji karatasi na mtu mwenye mamlaka asiyeogopa jibu. Mkufunzi kukaa na wanafunzi dakika thelathini baada ya kifo cha kwanza wodini, akawauliza kilichotokea, hakuhitaji wafadhili. Hata betri za mashine ya presha, kusema kweli.

Nimewasilisha pendekezo la tasnifu. Dodoso la ustahimilivu sikulitia. Nimeweka ukurasa wa maswali ambayo mwanafunzi atayajibu kuhusu zamu yake ya mwisho: mlikuwa wangapi, wagonjwa walikuwa wangapi, vifaa gani havikuwepo, mara ya mwisho ulipouliza swali juu ya kitu kilichokutia shaka nini kilifuata. Nimeomba pia nifuatilie walioacha, wale walio kwenye bima, benki na maduka ya nguo, ambao hakuna dodoso linalowafikia.

Msimamizi wangu, mtu ninayemheshimu na aliyefanya kazi wodini miaka mingi kuliko umri wangu wa utu uzima, amelizungushia swali la nne duara kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: hili linapima sifa gani ya mwanafunzi? Nimemjibu kwa barua pepe kwamba halipimi sifa ya mwanafunzi, linapima wodi. Kamati inakaa mwezi ujao.